Mkono Uliotokea Kando ya Ghala

Krrr, krrr, krrr. Ukiisikia kwa mbali utafikiri ni panzi amekwama chini ya mabati. Kumbe ni kidole cha mtu kinazungusha kigurudumu kidogo cha kamera ili filamu isogee mbele. Niliisikia sauti hiyo Kilungu, kwenye harusi ya mjukuu wangu Mwende, nikiwa na sahani ya pilau mapajani, na kijiko changu kikasimama njiani kabla ya kufika mdomoni. Sauti hiyo mara ya kwanza niliisikia nikiwa mtoto aliyeng'oka meno ya mbele na mapya yalikuwa bado kuota.

Kabla sijaendelea niwatajie watu. Shule mimi niliiacha mapema, lakini majina sijawahi kuyapoteza. Harusi ninayotaka kuwaambia ni ya dada yangu Kamene, iliyofanyika nyumbani kwetu Tulia, upande wa Kitui. Alikuwepo Kamene mwenyewe, kifungua mimba wa kwetu. Alikuwepo Kilonzo, bwana harusi, kijana mrefu kutoka Tseikuru kwa wafugaji. Baba yetu Muthoka alikuwepo, amevaa koti aliloazima kwa mzee wa kanisa. Mama yetu Syokau ndiye tuliyemwita Mwaitu, kama Mkamba yeyote anavyomwita mama yake, na mpaka leo nikisema Mwaitu ni yeye tu ninayemwona. Shangazi Ndunge, dada ya baba, alikuwepo na mdomo wake wote. Alikuwepo Njoroge, mpiga picha, ambaye hakuwa wa kwetu. Alitoka upande wa Mlima Kenya akafungua chumba cha picha pale sokoni Tulia. Na mimi, Mwikali, kitinda mimba. Wengine walijaa boma lote, lakini hao wanatosha.

Sasa nirudi Kilungu kidogo, mjue jinsi nilivyoanza kuwaza haya. Mwende aliamua kwamba kwake watu hawatapiga picha na simu. Kila meza aliweka kamera ndogo ya karatasi na plastiki, nyepesi kama kiberiti, na kando yake kikaratasi cha kuwaambia wageni wapige wanachotaka kisha waiache pale pale mezani. Alininyooshea moja, akiniita Susu, yaani bibi, kwa Kikamba.

"Susu, hii ni yako na Susu Kamene. Pigeni mpaka ikatae."

"Na ikikataa?"

"Tunatoa filamu, kamera inatupwa. Ni disposable."

Kamene alikuwa amekaa kando yangu, fimbo kati ya magoti. Alikuja kutoka Tseikuru siku moja mbele ili apumzishe mgongo. Aliigeuzageuza ile kamera, akainusa hata, halafu akanitazama.

"Kamera ya kutupa," akasema. "Njoroge angesikia hivi angelia."

Tukacheka mpaka wale vijana wa meza ya pili wakatupiga picha tukicheka. Lakini moyoni nilikuwa nimeshatoka Kilungu. Nilikuwa Tulia, na harufu niliyoisikia ilikuwa ya unga wa ngano uliokandwa kwa maji vuguvugu na moshi wa mti wa mgunga.

Siku ya harusi ya Kamene, chapati zilikuwa chakula cha ajabu. Kwetu tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda yakapikwa na kunde, na chapati tuliziona Krismasi kama mvua ilinyesha. Kwa hiyo Mwaitu hakumwamini mtu yeyote na ule unga. Alikanda mwenyewe, ndani ya karai kubwa, amepiga magoti, mikono imezama mpaka viwiko. Kabla hajaanza alivua bangili yake ya shaba. Ilikuwa bangili ya kwenda kanisani; siku za kazi ilikaa kwenye kikombe juu ya kabati. Asubuhi ile alikuwa ameisugua na jivu na kipande cha limau mpaka ikang'aa kama jicho la kuku.

"Mwikali, nitunzie. Ukiipoteza, hutakula chapati mpaka uolewe."

Nikaiweka kwenye mfuko wa gauni langu na kuishika kwa nje kila nilipotembea. Nilikuwa na gauni la manjano lililoshonwa na kitambaa kilichobaki cha pazia, na sikuwa na kazi nyingine siku nzima ila kulinda ile bangili.

Hapa lazima niwaelezee jambo ambalo vijana wa leo wanalijua kama hadithi tu. Kwetu Ukambani kulikuwa na nthoni. Ni heshima ya aibu, kama ningesema kwa Kiswahili, na iliyokuwa kali kuliko zote ni kati ya mama na mume wa binti yake. Mama hakumtazama mkwe usoni. Wakikutana njiani, mama anaingia kichakani anajifunika leso mpaka kijana apite. Jina lake halitaji. Hawali mahali pamoja, hawasalimiani kwa mkono. Inakaa hivyo mpaka mkwe alete vitu vyake, blanketi na kadhalika, na wazee waseme sasa imelegezwa. Hata sisi tuliookoka tulikuwa nayo. Mchungaji wetu alihubiri juu ya mambo mengi, lakini juu ya nthoni alikaa kimya, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na mama mkwe jirani.

Basi Mwaitu hakwenda hata kanisani siku ile. Aliona harusi ya binti yake kwa masikio, akiwa jikoni. Kibanda cha jikoni kilikuwa nyuma ya ghala, lile ghala la mahindi la fito lililoinuliwa juu ya miguu ya miti, ambalo sisi tunaliita ikumbi. Wageni walikaa upande huu wa ghala chini ya turubai, wapishi upande ule. Ghala lilikuwa mpaka.

Njoroge alikuwa ametumia karibu filamu yote kanisani. Alipiga maharusi mlangoni, akapiga mchungaji na Biblia, akapiga watu wa Tseikuru wamesimama wima kama nguzo za ua. Alipiga hata kreti ya soda, kwa sababu mjomba mmoja alisisitiza. Tulipofika nyumbani akatazama kidirisha chekundu nyuma ya kamera, akakunja uso.

"Imebaki moja," akasema. "Picha ya familia. Kila mtu aje, na asipepese macho."

Watu wakapangwa mbele ya turubai. Njoroge alikuwa mtu wa kupanga. Anakushika mabega anakuweka kama chombo kwenye kabati. Aliwaweka watu wa Tseikuru kushoto, baba na shangazi kulia, maharusi katikati, mimi mbele. Halafu akaacha nafasi kubwa kando ya Kilonzo, akaita kwa sauti:

"Mama wa bibi harusi! Mama aje hapa, karibu na mkwe wake!"

Nakumbuka nilimsikia mbuzi akitafuna. Kisha Shangazi Ndunge akapiga makofi mara moja akasema, "Wewe Njoroge! Unataka kupiga picha ya harusi au ya matanga?"

Watu wakaangua kicheko. Kilonzo maskini alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa ua la koti. Njoroge hakuelewa, na baba akamvuta pembeni akamwelezea kwa heshima. Kwao pia kulikuwa na kitu kama hicho, akasema Njoroge, lakini siku ya picha ilisamehewa.

"Kwetu haisamehewi," akasema baba.

Ingeishia pale, tungepigwa na kwenda kula. Lakini Kamene akasema, "Bila Mwaitu mimi sipigwi."

Hakusema kwa kupiga kelele. Alisema chini ya shela, na machozi yakaanza kushuka na poda aliyopakwa. Baba akamwambia picha ni karatasi tu. Kamene akajibu kwamba Tseikuru ni mbali, na mbuzi wa huko hawamjui, na watu wa huko hawamjui, na yeye anataka kutundika ukutani kitu kimoja chenye mama yake. Kumbukeni gari la kwenda Tseikuru wakati ule lilipita likipenda, na mto ukijaa halipiti kabisa. Alikuwa anaenda mahali ambapo hangerudi kwa urahisi. Hata mimi nilijua hivyo, kwa sababu alikuwa amenigawia kitanda chake.

Shangazi akatoa wazo. "Kilonzo atoke, mama aingie, tupige upande wetu peke yetu."

Watu wa Tseikuru wakatazamana. Mzee wao mmoja akakohoa, akauliza polepole kama wametoka huko kote na mbuzi wao wa mahari ili kijana wao atolewe kwenye picha ya harusi yake. Baba akashika kichwa. Hilo nalo lilikuwa la kweli, na picha ilikuwa moja tu.

Kilonzo, na kwa hili nilimpenda tangu siku ile, akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi naweza kugeuka. Nitazame huko. Mama aje asimame, sitamwona."

"Bwana harusi ageuke?" Njoroge akashika kiuno. "Watu wataniuliza nilipiga harusi au nilipiga koti!"

Hapo hata Kamene alicheka na machozi yake. Lakini hakusogea. Jua lilikuwa linateremka na Njoroge akaanza kulitazama kama mtu anayedaiwa. Kamene akaniinamia. "Mwikali, nenda umwambie Mwaitu nimekataa. Umwambie nalia."

Nikakimbia nyuma ya ghala. Jikoni kulikuwa na wanawake wengine watatu, wanageuza chapati na kupakua pilau, na Mwaitu yuko pale pale amepiga magoti kwenye karai. Nilimweleza yote, pamoja na lile la matanga na lile la koti. Alisikiliza bila kuacha kukanda. Nilipomaliza aliutazama unga. Kisha akaondoa mikono kwenye karai, akaomba maji, akanawa mkono mmoja. Mmoja tu. Huo mwingine ulibaki na unga umegandamana vidoleni.

"Nipe bangili yangu," akasema.

Niliitoa mfukoni haraka, nikijitetea kwamba sijaipoteza, kwamba nilikuwa nimeishika wakati wote. Nilidhani ameona nimekimbia sana akaogopea shaba yake. Akasema, "Najua, mwanangu," akanyosha mkono ule safi, nami nikamvalisha.

"Sasa rudi. Mwambie Kamene aache kulia, anaharibu poda. Mwambie asimame mwisho wa mstari, upande wa ghala. Karibu kabisa na ghala. Umesikia?"

"Kwa nini?"

"Huko kuna kivuli. Hatakunja macho."

Nikarudi nikasema kama nilivyotumwa. Kamene alinitazama kwa muda. Halafu akafuta uso kwa ncha ya shela, akamshika Kilonzo mkono, akamvuta kutoka katikati mpaka mwisho wa mstari, Kilonzo upande wa ndani, yeye upande wa nje ambapo ubavu wake ulikuwa karibu kugusa fito za ghala. Njoroge akalalamika kwamba bibi harusi hawekwi pembeni kama fagio. Kamene akamwambia apige au aache. Mimi nikasimama mbele yake, mdomo nimeufunga kwa sababu ya meno, na kamera ikalia tik, halafu krrr, krrr, mpaka filamu ikaisha.

Kisha tulikula. Nawaambia chapati zile zilikuwa laini hata bibi wasio na meno walizimaliza. Kwa wale wa Tseikuru zilipelekwa na baba mwenyewe. Jioni Kamene alikwenda nyuma ya ghala kuagana na Mwaitu, na mimi nikafukuzwa nisisikilize.

Picha ilikuja baada ya wiki kadhaa. Njoroge aliileta mwenyewe na baiskeli, anacheka kabla hajafika. Ilipita mikono yote ya boma. Baba alikuwa na koti la watu, Kilonzo na kidevu chake, mimi kama mtu aliyemeza nzi. Na pale pembeni, kando ya shela ya Kamene, kutoka nyuma ya ghala, ulionekana mkono. Mkono peke yake, umeshika ufito, na bangili inang'aa.

"Mama alisahau mkono!" akasema Shangazi Ndunge, akaanguka chini kwa kicheko.

Mwaitu naye akacheka, amefunika mdomo na leso. "Nilikuwa nachungulia. Nilishika ghala nisianguke."

Kila mtu aliamini, na mimi niliamini kuliko wote. Kwa miaka mingi niliwasimulia watoto wangu kichekesho cha susu yao aliyejificha vibaya. Nilikuwa namwonea huruma hata, kwamba mwanamke mzima alilazimika kuchungulia harusi ya mtoto wake kama mwizi wa mahindi.

Nilikuja kuelewa nikiwa mama mwenyewe, siku tunajiandaa kwa harusi ya binti yangu Nduku, ambaye ndiye mama ya Mwende. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye karai, unga mpaka kwenye viwiko, pete yangu nimempa mtoto mmoja anitunzie. Nikaona ule mkono. Niliuona wazi kuliko kwenye picha. Mtu anayekanda unga havai bangili. Mtu anayechungulia haombi maji anawe, tena mkono mmoja. Na mtu anayejificha hamtumi mtoto akasema bibi harusi asimame upande huu. Mwaitu alikuwa ameingia kwenye picha. Aliingia kwa kadiri alivyoruhusiwa, akiwa amepambwa, na hakuna aliyeweza kusema amemvunjia mkwe heshima. Nilikaa pale na unga ukaanza kukauka, wenzangu wakadhani nimepata habari mbaya.

Nilipomwambia Kamene, alinitazama kama anavyonitazama tangu nizaliwe.

"Kwani wewe ulifikiri ni nini?"

"Alisema alishika ghala asianguke."

"Mwikali. Ghala lenyewe ndilo lilikuwa karibu kuanguka."

Kumbe yeye alijua tangu nilipomletea ule ujumbe. Aliniambia kwamba mkono ule ulipotokea, kidole kimoja kilimgusa begani, kikakaa hapo wakati wote Njoroge alipokuwa akisema msipepese. Picha ile imekaa ukutani kwake Tseikuru mpaka imekuwa rangi ya chai. Kilonzo baadaye alileta blanketi, nthoni ikalegezwa, na Mwaitu alimsalimia kwa mkono huo huo, mbele ya watu, wote wawili wanatazama chini kwa mazoea. Kuhusu sura ya Mwaitu, picha pekee iliyokuwepo ilikuwa ya kitambulisho, na alipofariki kitambulisho kilirudishwa kwa chifu. Kwa hiyo tulichobaki nacho ni mkono, na nikisema kweli, nikiuona namwona mzima.

Ndiyo maana kule Kilungu sikubaki mezani. Nduku alikuwa anacheza na mkwe wake, wameshikana mikono, wanacheka, na mimi nilifurahi kuona hivyo. Sitaki mfikiri nasikitikia zamani. Lakini niliangalia meza zote zenye kamera nikaona turubai la wapishi, kule nyuma ya tangi la maji, halina hata moja. Nikamwambia Kamene anishikie sahani.

Niliwapiga picha wote. Nilimpiga aliyekuwa anakuna nazi, nikampiga aliyekuwa anafukuza mbwa na mwiko, nikapiga mikono ya yule aliyekuwa anakanda unga. Kwanza walijificha na leso zao. Kisha mmoja akasema, "Ngoja, Susu, nivae viatu," na baada ya hapo walipigana nafasi. Niliwauliza majina mmoja mmoja, nikayashika.

Picha zilipotoka Nairobi, Mwende alizileta kwangu akazitandaza juu ya kitanda. Kamene alikuwa bado yupo, mgongo ulikuwa umemkataza safari. Mwende alifika kwenye zile za kamera yetu akaanza kucheka.

"Susu, ona! Kidole chako kiko kwa kila picha. Hapa pembeni. Na hapa. Na hapa tena! Umejiweka kwa harusi yote!"

Kweli kilikuwepo, kinene, cha rangi ya udongo, kimekaa pembeni ya kila picha kama mgeni asiyetaka kuondoka.

"Nilikuwa nashika kamera isianguke," nikasema.

Kamene alianza kucheka polepole, kisha akafuta macho. Alichagua moja, ya yule mpishi wa unga na kidole changu kando yake, akaiweka ndani ya Biblia yake ili aende nayo Tseikuru. Mwende akataka kujua tunacheka nini, ikabidi nianze mwanzo kabisa, kama nilivyoanza kwenu.

Sasa niwaombe jambo, ninyi wa Tulia hasa. Wale wanawake watatu waliokuwa jikoni na Mwaitu, hakuna picha iliyowashika, hata kidole. Mmoja najua ni Syombua, mke wa fundi wa viatu. Wa pili nasema ni Mbithe, lakini Kamene anashikilia kwamba ni Kalondu. Wa tatu namkumbuka alikuwa na kovu la moto mkononi na alinipa chapati ya kwanza, na jina lake, ambalo ndilo pekee lililonitoka, silipati. Kama ni mama yako au susu yako, na hapa nimekosea, nitumie mtu aje aniambie. Nitamweka mahali pake.